Kipigo Nyuma ya Pazia

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani, na Lindi yote ilimjua kwa mambo mawili: suruali aliyoishona haikufumuka, na mdomo wake haukuishiwa vichekesho. Jambo la tatu tulilijua sisi tulioishi naye tu. Alikuwa akimpiga mkewe.

Tulikaa Mtanda, katika nyumba ya fito na udongo, mimi, mama yetu, kaka na wifi yangu. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu baada ya kupewa talaka, nikapewa chumba kilichopakana na chao. Ukuta wa namna ile hauzuii kitu. Nikajua kofi la shavuni linavyolia na ngumi ya mgongoni inavyolia. Nikajua pia ile fimbo yake ya mninga ya kupimia nguo, kwamba kabla haijatua ilivuma kidogo hewani. Wifi hakupiga kelele. Nilichosikia kutoka kwake ni pumzi tu, ikitoka kwa mkupuo kama mtu aliyetua mzigo. Chumba cha upande wa pili mama alikuwa akivuta uradi, na kipigo kikizidi naye sauti ya uradi aliizidisha.

Asubuhi wifi angetoka uani, kanga ameishusha mpaka kwenye nyusi, akapuliza moto.

"Umeamkaje, wifi?" ningemuuliza.

"Salama, wifi."

Basi. Tungekaa tukachambua mchele.

Kwao wifi ni Mtama, Mmwera, na mama yetu hakumsamehe kwa hilo. Akikosea chumvi kwenye mchuzi, mama angesema, "Watu wa bara hawa, ulimi wao haujui bahari." Ndugu yake pekee pale mjini alikuwa kaka yake wa toka nitoke, mnadi wa samaki pale sokoni. Alikuwa mtu wa mabega, mwenye sauti ambayo ukiwa kisimani Mtanda uliweza kujua kama asubuhi ile wametoka changu au wametoka papa. Siku za Ijumaa alikuja kula kwetu. Alikaa barazani na kaka yangu wakitaniana kishemeji, na wifi akileta sinia na kanga yake imeshuka hivyo hivyo. Mnadi alidhani dada yake ana haya tu, kaolewa na watu wa pwani.

Mchezo wetu ulianzia jikoni. Wifi alikuwa na kipaji ambacho kaka, pamoja na sifa zake zote, hakuwa nacho: aliweza kuichukua sauti ya mtu akaivaa. Alimwiga muuza maji, alimwiga mama yetu akimsema, alimwiga kaka mwenyewe akimdanganya mteja kwamba nguo imebaki vifungo tu wakati hata haijakatwa. Mimi nilikuwa nikicheka mpaka naegemea kinu. Siku moja kaka alitusikia kutoka dirishani. Mimi nilidhani litakuwa balaa, kumbe alicheka. Akasema, "Haya tuyacheze kwenye harusi."

Zama zile Mwingereza bado yupo, na mwanamke wa nyumba ya heshima hasimami mbele ya wanaume akachekesha. Kaka akapata akili: akashona pazia kubwa la kitambaa cha marekani. Watu wakakaa upande huu wasikie, sisi tukakaa upande ule tuseme. Hakuna aliyemwona mtu. Mchezo ulikuwa wa mume bahili, anayetamba mtaani kwamba nyumbani kwake hakuna anayekohoa bila ruhusa, kumbe sukari anaifungia kwenye kasha na ufunguo anauvaa shingoni hata akioga. Kaka alikuwa mume. Wifi alikuwa mke, mwenye kumzungusha mumewe kwa maneno mpaka anajifunga mwenyewe. Mnadi alikuwa shemeji mlafi aliyekuja kutembea na hataki kuondoka, na mwishoni anamtwanga bahili kwa mwiko mpaka anatoa ufunguo.

Mimi kazi yangu ilikuwa vishindo. Nilitembeza mitawanda, vile viatu vya mti, juu ya ubao, ikawa mtu anakuja. Nilifungua kifuniko cha sanduku lenye bawaba za kutu, ikawa mlango. Na kipigo cha mwiko nilikipiga kwa kubadhi la ngozi juu ya mto wa sufi nilioulowesha maji kidogo. Watu walipenda mno kile kipigo. Harusini watoto walikuwa wakianza kupiga vigelegele hata kabla mnadi hajashika mwiko, maana mchezo walishaujua.

Sifa zilifika mbali, na siku moja gari la redio likaja kutoka Dar es Salaam. Alishuka kijana mmoja wa soksi ndefu, mwenye adabu sana, akamwamkia mama yetu shikamoo huku amevua kofia. Alisema anazunguka majimboni kutafuta michezo ya kuchekesha.

"Lakini nataka mchezo ambao mtu ataweza kuusikiliza na mkwewe na watoto wake, bila yeyote kuinamisha uso," alisema.

Kaka akamwambia, "Huo ndio wetu, bwana."

Jioni ile tuliujaribu mbele yake kwenye ukumbi wa mji, sisi nyuma ya pazia letu, yeye kwenye kiti. Alicheka vizuri. Wifi alipofika mahali pa kumbembeleza mume atoe sukari, aliongeza maneno ambayo hatukuyapanga: "Mume wangu, huo ufunguo ukiupenda hivyo, basi leo ulale nao, mimi nitalala na kasha." Yule kijana alipiga makofi. Mchezo ulipoisha akasema kwa sauti, nasi sote tukasikia, "Huyu mama ndiye mchezo wenyewe. Kesho mama asimame karibu zaidi na kinasa sauti."

Kaka akacheka. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa akicheka.

Hatukuwa hata tumekula. Alifunga mlango wa chumba chao nikasikia anauliza taratibu kabisa, "Nani alikufundisha maneno yale? Mimi nimesimama pale kama nani?" Fimbo ya mninga ikavuma. Ilivuma tena, na tena, na mara moja ikatua mahali ambapo sikuwahi kusikia ikitua, sauti kavu, fupi. Wifi alitoa sauti siku hiyo. Alisema "Mama yangu," kwa Kimwera. Mama yetu alikuwa kwenye uradi.

Asubuhi nilimkuta ameketi karibu na jiko bila moto. Taya lilikuwa limevimba, na kutoka sikio la kushoto damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye ukosi wa gauni ikakauka. Nilimsemesha kutoka upande ule, hakugeuka. Nikazunguka mbele.

"Wifi, usiende. Nitasema una homa."

"Nitakwenda," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo. "Mimi ndiye mchezo wenyewe. Hukusikia?"

Tulikwenda kwenye ukumbi wa mji jua likiwa limepanda. Yule kijana alikuwa ametundika mablanketi na magodoro kwenye madirisha ili kelele za nje zisiingie, na ndani mlikuwa na joto la tanuri. Watoto wa mtaa walijazana mlangoni, akawaacha wakae chini, akasema kicheko cha watoto kitafaa. Kwa heshima yetu sisi wanawake aliruhusu pazia. Kinasa sauti kikasimamishwa upande wetu, waya ukapita chini, na yeye akabaki upande wa pili na mashine yake, vyombo vya kusikilizia vimemfunika masikio.

"Utepe nilionao ndio huu," alitwambia kutoka kule. "Mkianza, msisimame. Likitokea lolote, endeleeni."

Tukaanza. Nikatembeza mitawanda, nikafungua mlango wangu wa sanduku. Kaka alitamba, watoto wakacheka. Zamu ya wifi ilipofika, hakusema. Alikuwa amegeuzia kinasa sauti shavu la kulia, sikio zima liko mbali na kaka, hakusikia neno lake la kuanzia. Kaka akampiga kiwiko cha ubavu. Wifi akashtuka, na ili aweze kusema vizuri, akaishusha kanga mabegani.

Mnadi alikuwa amesimama mkabala naye, anasubiri zamu yake. Nilimwona akimtazama dada yake. Alitazama taya, akatazama sikio. Kisha macho yake yakahama, yakaja kwangu, na mimi nilikuwa nimeshika kubadhi mkononi na mto miguuni. Sijui aliona nini usoni kwangu.

Wifi alisema maneno yake yote. Kwa ule mdomo uliovimba yalizidi kuchekesha, watoto wakadhani anaigiza kizee. Shemeji akaingia, akadai sukari.

"Sukari inaleta minyoo, shemeji!" kaka alisema.

"Nitakula nife nayo," mnadi akajibu, kama tulivyopanga. "Na dada yangu je? Umempa nini tangu umuoe?"

"Nimempa jina langu! Jina langu halina uzito?"

Hapo ndipo mnadi alipotakiwa kusema "Basi lete ufunguo." Hakusema. Aliinua mwiko. Ulikuwa mwiko wa kweli, wa kusongea ugali wa shughuli, mrefu kama mkono, ambao kila siku aliushika ili tu ajisikie yumo ndani ya mchezo. Akasema, kwa sauti yake ya sokoni:

"Na hili sikio umempa lini?"

Pigo la kwanza lilimpata kaka juu ya bega. Mimi sikuwa nimepiga mto. Kaka aliyumba, akaufumba mdomo, nikamwona anatazama kile kinasa sauti. Upande wa pili utepe unazunguka. Watoto wanangoja. Na kaka yangu, Mungu amrehemu, akajibu:

"Sikio? Hilo alikuja nalo kutoka kwao!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mnadi akampiga tena, mahali pale pale, na safari hii nikasikia mtulinga, ule mfupa wa begani, ukivunjika. Kaka akapiga magoti. "Jamani, shemeji, mwiko ni wa ugali, mimi ni kitoweo!" Watoto wakapiga makofi. La tatu lilimpata mdomoni. Jino lilitoka, likaanguka juu ya ubao wangu wa mitawanda, nami nilikuwa bado nimeinua kubadhi hewani, siwezi kulishusha wala kulitupa. Mnadi alikuwa analia. Alikuwa akipiga na machozi yakimtiririka, na kila pigo alikuwa akisema neno moja, "Lini? Lini? Lini?" na kila "lini" watoto walizidi kucheka, wakaanza kuhesabu naye.

Katika mchezo, mke ndiye anayeamua. Anasema, "Muache, kaka, ni mume wangu huyo." Ndilo neno lililobaki. Sote tukamtazama wifi. Kaka alimtazama kutoka chini, damu inamchuruzika kidevuni. Nilidhani hakusikia, nikamgusa mkono.

Wifi akakisogelea kinasa sauti.

"Kaka," alisema, "ongeza."

Sijapata kusikia watu wakicheka vile. Hata yule kijana upande wa pili tulimsikia. Mnadi akaongeza moja, la mbavuni, kisha mwiko ukamponyoka. Na kutoka sakafuni, kwa mdomo wenye pengo, kaka akamaliza mchezo kama ulivyoandikwa vichwani mwetu: "Haya, ufunguo huu! Chukueni sukari, chukueni na kasha, niachieni roho!"

Nikafunga mlango wa sanduku. Mchezo umekwisha.

Yule kijana alilivuta pazia akiwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Vile vishindo, dada, vile vishindo..." alianza kuniambia. Kisha akaona sakafu. Alirudi nyuma akaangusha kiti chake.

Kaka alifungwa bega hospitali ya serikali, na askari wakamchukua mnadi. Aliwekwa ndani mpaka siku ya baraza kwa liwali. Mnadi hakukana. Alisimama akasema, "Nilimpiga, na nilitaka kumuua, mwiko ndio ulioniacha." Liwali akamgeukia kaka, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye tanzi la kitambaa.

"Wewe uliyepigwa, eleza."

"Sikupigwa, liwali," kaka alisema. "Tulikuwa tunacheza. Nilianguka."

"Ulianguka juu ya mwiko?"

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, akaonesha pengo lake ili wacheke zaidi. "Kazi ya kuchekesha ina ajali zake, bwana liwali." Na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Angekubali kwamba alipigwa, ingebidi aseme kwa nini. Isitoshe, akubali mbele ya mji mzima kwamba alichezea kichapo cha mtu wa bara? Liwali akasema mtu asiyelalamika hana kesi, akawafukuza wote wawili.

Kesi ilipokosekana, kijana aliupeleka utepe wake Dar es Salaam, na mchezo ukatoka redioni siku ya Jumapili alasiri. Muhindi mwenye duka la kona aliitoa redio yake nje, juu ya pipa, na Mtanda nzima ikaja. Wanaume walimkalisha kaka kwenye kiti cha mbele. Sisi wanawake tulikaa ukumbini mwa duka. Mablanketi yale yalifanya kazi yake: kila kitu kilisikika, wazi kabisa. Nilisikia mtulinga. Nilisikia jino likidondoka kwenye ubao. Watu walikuwa wakigaragara. Bibi mmoja alinikumbatia akaniambia, "Mwanangu, una mikono ya dhahabu, mtu angedhani ni kweli." Nikamwambia ahsante. Wifi aliketi kando yangu, ametega sikio la kulia, uso mkavu.

Na kaka alicheka kuliko wote. Nadhani alisahau. Ndivyo alivyokuwa, kicheko cha watu kilimlewesha. Alikuwa tayari ananyanyuka kuwapa watu mkono wakati lile neno lilipotoka kwenye redio, "Kaka, ongeza," na mtaa mzima ukapiga yowe la furaha. Watoto wakalidaka hapo hapo. Walitufuata mpaka nyumbani wakimwimbia mgongoni mwake: Kaka, ongeza! Kaka, ongeza! Aliwapungia mkono. Alipofika mlangoni alikuwa hacheki tena.

Wifi aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha cherehani. Kulikuwa na kanzu za watu za kupigwa pasi, na mimi nilikuwa nimeshawasha mkaa kabla hatujatoka, pasi imekolea. Kaka akaingia nyuma yake. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Niongezwe, eh?" alisema. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na ulishika fimbo ya mninga. "Mji mzima unasema niongezwe. Sema tena nisikie. Sema!"

Akaiinua. Wifi hakurudi nyuma. Alinyanyua ile pasi ya chuma kutoka mezani kwa mikono miwili, akaisukuma mbele, na kitako chake kikakutana na mkono wa kaka chini ya kiwiko. Haikuwa kitambo. Lakini nyama ililia, na kaka akapiga ukelele ambao hakuwa ameupiga hata mara moja chini ya mwiko. Pasi ikafunguka, mkaa ukatapakaa juu ya kanzu za watu, moshi ukajaa. Mama alikuja akikimbia na tasbihi mkononi. Alimwona mwanawe amejikunja chini na akamwendea wifi amrarue uso kwa kucha.

"Nyoka wewe! Unamchoma mwanangu!"

Nikamshika mama kiunoni nikamvuta. Aliniuma mkono. Wifi alikuwa akizima kanzu kwa miguu, pekupeku, anakanyaga makaa. Hakuonekana kuhisi.

Alfajiri mnadi alikuja na rafiki yake mwenye lori la kwenda Mtama kuchukua karanga. Wifi alipanda na mfuko mmoja. Tuliagana uani, nikampa mto wangu wa sufi aukalie, maana njia ile ni mashimo matupu. Aliniambia, "Wifi, usikae karibu na ukuta ule." Kadhi alimpa talaka baada ya kuona sikio lake. Aliolewa tena huko huko, akalima, akazaa. Lile sikio halikurudi. Nilimtembelea mara kadhaa, na kila mara nilimkuta anachekesha watu kisimani kwa kumwigiza padri wa Rondo akikosea Kimwera.

Yule kijana wa redio alirudi mwaka uliofuata kutaka mchezo mwingine. Kaka alijaribu na fundi mwenzake aliyebana pua ili awe mke. Kijana alisikiliza kidogo, akafunga mashine yake kwa adabu, akashukuru. Mnadi hakukanyaga tena kwetu. Sauti yake tuliisikia kutoka sokoni asubuhi, na kaka akawa anafunga dirisha.

Kisha kaka akaoa tena, binti wa Kilwa Kivinje, mpole, aliyekuja na sanduku la mkangazi na mazulia yake. Mimi nilikuwa bado kwenye kile chumba changu. Haikupita hata miezi mingi. Ilikuwa mchana, natwanga pilipili manga, nikasikia fimbo ikivuma, na pumzi ikitoka. Mama akainua sauti ya uradi.

Nilikwenda na mchi mkononi. Sikubisha hodi. Kaka alikuwa amenipa mgongo, na kabla hajageuka nilimpiga kwenye bega lake zima kwa nguvu zangu zote, akaanguka juu ya kitanda, nikampiga tena pajani, nikamwambia, "Inuka. Inuka nikuongeze." Aliitazama ile fimbo iliyoanguka, akautazama mchi, akautazama uso wangu. Hakuinuka. Yule binti alikuwa amejibanza nyuma ya sanduku lake. Niliiokota fimbo, nikaiweka mguuni, nikaivunja, nikaenda kuitia kwenye jiko.

Kaka alipimia nguo kwa utepe tangu siku hiyo, na mke yule alimzalia watoto wanne na hakuwahi kushusha kanga mpaka kwenye nyusi. Mama ndiye hakunisamehe. Alikaa bila kusema nami mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama, na hata hapo alianza kwa kuniomba chumvi.